UZI: Mimi ndiye mwandishi wa "Habari na Matukio" ya kampuni ya programu Nairobi. Haya ndiyo ambayo sikuyaandika

KaraniWaGhorofa (mwenye uzi), Jumatatu saa 3:10 usiku

Hamjambo wadau. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo nimefungua uzi. Weka chai kwanza, ni mrefu.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza programu hapa Nairobi. Jina silitaji, msinisumbue huko faragha. Nilipoingia tulikuwa watu saba, chumba kimoja, Ngong Road. Leo tuko sitini na kitu, Westlands, mlango unafunguka kwa kidole, na jikoni kuna mashine ya kahawa ambayo hakuna aliyewahi kufundishwa kuiosha.

Mimi si developa, siandiki programu. Niliajiriwa kupokea simu. Mhasibu wa shule akipiga kusema "mfumo umenikatalia", mimi ndiye namwambia azime awashe. Siku moja mteja mkubwa akafungua tovuti yetu, akakuta ukurasa wa "Habari na Matukio" una habari moja tu, nayo ni "Heri ya Krismasi" ya miaka mitatu nyuma. Akampigia bosi kuuliza kama bado tuko hai. Bosi akainua kichwa kutafuta nani ofisini hana kazi. Simu yangu ilikuwa haijalia kwa dakika kumi. Basi, yakawa yangu.

Tangu siku hiyo nimeandika kama arobaini. Nitawapa chache, pamoja na upande wa pili wa kila moja.

Ya kwanza niliiandika hivi: "Tumehamia ofisi za kisasa kukidhi ukuaji wetu."

Tulihamishwa na saluni. Ghorofa ya chini yetu kulikuwa na saluni, na Ijumaa jioni mashine tatu za kukausha nywele zikiwaka kwa pamoja, stima ilikuwa inakatika jengo zima. Betri zetu zilikuwa zinashika dakika kumi na tano, labda ishirini ukizima feni. Bosi alivumilia mpaka Ijumaa moja akiwa katikati ya kumwonyesha mfumo mtu wa benki. Mwezi uliofuata tukapakia pikapu. Kila mtu alibeba kiti chake, na CPU za zamani zikafungwa kwa kamba ya manila kama mbuzi wa mnada.

Naendelea kesho, betri ya simu imeniaga.

---

Dar_Kijana, Jumatatu saa 3:41 usiku

Mkuu shusha nondo, nimekaa siti ya mbele kabisa. Huku Dar saluni bado hazijatuhamisha ila zinakaribia.

---

TokaKahawaWest, Jumatatu saa 3:58 usiku

Uzi umeanza vizuri. Swali nje ya mada: hizo monita na CPU za zamani mlipeleka wapi? Natafuta za bei ya kutupa, nafungua kasaiba kadogo (ka intaneti) huku mtaani.

---

Mzee_wa_Modemu, Jumanne saa 1:20 asubuhi

Nyinyi watoto wa Westlands mnanichekesha. Hamjui kwa nini mlikuwa Ngong Road.

Kabla ya 2009 intaneti yetu ilikuwa inapanda angani kwa setilaiti na kushuka kwa bei ya dhahabu. Waya wa baharini wa SEACOM ukawashwa Mombasa Julai mwaka huo, wa TEAMS nao ukaja, na ghafla mtu wa kawaida akaweza kuweka seva yake Ulaya na kuifikia bila kutoa machozi. M-Pesa ilikuwa na miaka miwili, tangu Machi 2007. Ushahidi, ile tovuti ya ramani ya matukio, ilikuwa imezaliwa kwenye moto wa ghasia za 2008, na watu wale wale mwaka 2010 wakafungua iHub, ukumbi wa watu wa teknolojia, kwenye jengo la Bishop Magua pale Ngong Road. Kila aliyekuwa na laptopu na ndoto akataka ofisi ya kutembea kwa miguu kutoka pale. Wengine walisema wanafuata ubunifu. Mimi nilifuata Wi-Fi, sioni aibu.

iHub yenyewe ikahamia Senteu Plaza 2017, na 2019 ikanunuliwa na CcHub, ukumbi wa aina hiyo hiyo wa Lagos. Wakati huo wenye pesa walishavuka kwenda Westlands. Kwa hivyo saluni isilaumiwe peke yake.

---

KaraniWaGhorofa, Jumanne saa 2:15 usiku

@Mzee_wa_Modemu shikamoo mzee, hiyo ya Wi-Fi bosi wetu pia hukiri akishashiba nyama.

@TokaKahawaWest angalia ujumbe wa faragha. Stoo yetu imejaa, Jumamosi hii kuna mauzo ya vifaa vikuukuu.

Sasa habari ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Tovuti inasema: "Tumeboresha mfumo wetu wa karo kwa upatanisho wa malipo wa kiotomatiki."

Ilikuwa Januari, kabla ya Korona. Mfumo wetu wa shule ulikuwa unamwezesha mzazi kulipa karo hivi: anaingiza nambari ya simu kwenye ukurasa wa shule, simu inaleta ombi la PIN ya M-Pesa, anaweka, mwisho wa hadithi. Daraja, mlango wa developa kuunganisha mfumo wake na M-Pesa, ilikuwa imefunguliwa na Safaricom 2017, na kazi ambayo zamani ilitaka barua na majuma ya kusubiri, developa aliweza kuijaribu siku hiyo hiyo akiwa na chapati mkononi. Tuliuza mfumo ule kwa shule nyingi kwa muda mfupi. Hiyo pia niliiandika habari, yenye alama tatu za mshangao.

Jambo ambalo sikulielewa mpaka siku ile: ukiomba malipo namna hiyo, majibu huja mara mbili. La kwanza linakuja papo hapo, lakini linasema tu "ombi nimelipokea". La pili, lenye kusema pesa imeingia au haikuingia, linaletwa baadaye kwenye seva yako, wakati mzazi ameshamaliza kutafuta miwani na kukumbuka PIN. Wa kwetu walikuwa wameandika kwamba jibu la pili lisipofika kwa sekunde 30, skrini iandike kwa rangi nyekundu: "MALIPO HAYAKUFAULU. JARIBU TENA."

Na seva yetu yenyewe ndiyo iliyokuwa mzembe. Kila jibu likifika, kabla ya kusema "asante nimepokea", ilikuwa kwanza inatengeneza risiti, inaipamba kwa nembo ya shule, halafu inatuma SMS. Siku za kawaida hakuna aliyejua. Wiki ya kufungua shule, Jumatatu saa mbili asubuhi, majibu yakajipanga mlangoni kama watu wa Huduma Centre.

Sasa piga picha. Mama yuko Eldoret, pesa imetoka kwenye simu yake, ujumbe wa M-Pesa ameuona, lakini skrini ya shule inamwambia kwa rangi nyekundu ajaribu tena. Mtoto yuko getini na sanduku. Anajaribu tena. Pesa inatoka tena.

Kufika saa nne simu yangu ilikuwa ya moto mkononi. Mhasibu mmoja aliniambia, sauti ya chini kabisa: "Karani, kuna baba hapa amelipa mara tatu na anataka kunipiga." Mwingine alikuwa na tatizo la kinyume: waliolipa moja kwa moja kwa Paybill (nambari ya shule ya kupokelea M-Pesa), kwenye nafasi ya akaunti badala ya nambari ya mwanafunzi wameandika "Brayo wa kidato cha pili". Shule ile ina Brayo wanne.

Aliyeujua mfumo ule alikuwa mmoja. Tulimwita Mzee wa Seva ingawa alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa kwao, nchi ya mahindi, kwenye matanga, simu haipatikani. Nilimpata kupitia kaka yake, aliyempa mwendesha boda simu, akapelekewa hadi kaburini. Akaja hewani akiwa amesimama juu ya pikapu kutafuta mtandao. Ofisini aliyebaki anayeweza kugusa msimbo ni binti mmoja mwenye miezi mitatu kazini. Mimi nikashika simu katikati yao.

Mnajua cha kwanza alichosema? Hakugusa seva. Alisema: "Karani, andika sentensi ya kumwambia mzazi asilipe tena." Nikaandika: "Tunasubiri uthibitisho wa M-Pesa. Tafadhali usilipe mara ya pili." Binti akaibandika mahali pa ile nyekundu. Ndiyo mchango wangu wa pekee kwenye msimbo wa kampuni hii, na uko pale hadi leo.

Halafu mambo mengine yakafuata akiwa huko huko juu ya pikapu. Pokea jibu kwanza, useme asante, risiti iende kwenye foleni yake. Jibu likichelewa, usikisie, uliza hali ya muamala. Na kila muamala wa M-Pesa una namba yake ya herufi na tarakimu kumi, isiyorudiwa, kwa hivyo ile namba iwe ndiyo ufunguo, jibu likifika mara mbili lihesabiwe mara moja. Yule binti alikuwa anachapa huku anatetemeka. Saa nane mchana foleni ikaanza kupungua.

Mzee wa Seva aliporudi aliandika kaprogramu kadogo kanakoamka saa kumi usiku, kanapitia malipo yote ya jana moja moja dhidi ya taarifa ya M-Pesa, na saa kumi na mbili alfajiri kila mhasibu anapata ripoti ya nani kalipa, nani kazidisha, na Brayo yupi ni yupi. Wahasibu wanaipenda ripoti ile kuliko kitu kingine chochote tunachouza.

---

BintiMsimbo, Jumanne saa 3:02 usiku

Nimesoma hii nikitokwa na jasho. Kaka Karani, yule binti wa miezi mitatu alikuwaje baadaye?

---

KaraniWaGhorofa, Jumanne saa 3:09 usiku

@BintiMsimbo ndiye mkuu wa idara sasa. Ana timu ya watu tisa na hapokei simu yangu ikipita saa moja jioni.

---

Fundi_Seva, Jumanne saa 3:30 usiku

Kwa faida ya wanaojifunza: kuna ile hatua ya kuthibitisha nambari ya akaunti kabla pesa haijaingia Paybill. Haiji yenyewe, lazima uombe uwashiwe. Ikiwashwa, seva yako inaulizwa "Brayo wa kidato cha pili unamjua?" na unaruhusiwa kukataa. Lakini usiombe kama seva yako ni nzito, maana utamchelewesha mzazi kabla hata hajalipa.

Na swali: hiyo kazi ya saa kumi usiku inakaa kwenye seva gani?

---

KaraniWaGhorofa, Jumanne saa 3:44 usiku

Iko pamoja na mingine, nadhani. Hayo ya seva mimi huyasikia tu.

---

Mzalendo_Halisi, Jumatano saa 12:50 asubuhi

Uzi mzima wa kujisifu. Mwenye uzi, mbona hutaji pesa? Kampuni zenu hizi zinakula tenda za serikali halafu mnakuja kutuambia hadithi za Brayo.

---

KaraniWaGhorofa, Jumatano saa 1:45 usiku

@Mzalendo_Halisi ndugu yangu, umenigusa kidonda. Habari ya tatu: "Tumeshinda zabuni ya kutengeneza mfumo wa mapato wa kaunti." Kaunti haina jina hapa. Picha ilikuwa ya watu kumi na mmoja wakishikana mikono, nami nilitumwa kununua tai ya bosi.

Tulitengeneza, tukakabidhi, tukatuma ankara. Mwezi. Miezi mitatu. Mwaka ukageuka. Kila ukiuliza unaambiwa faili liko kwa mwingine. Nitamwachia mhasibu wa humu aeleze kwa nini mteja asiyelipa anaweza kukuua hata kama kesho atalipa.

---

MamaKodi, Jumatano saa 2:20 usiku

Umenichokoza, haya.

Ukimwandikia mteja ankara ya huduma, unaweka VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Ile 16 si yako, na KRA, watoza kodi, hawangojei mteja wako alipe. Ikifika tarehe 20 ya mwezi unaofuata wanataka yao, na siku hizi ankara ikipita kwenye eTIMS, mfumo wao wa ankara, wanaiona siku ile ile. Kwa hivyo umefanya kazi, hujalipwa, na unatoa pesa mfukoni kulipia kodi ya pesa ambayo hujaiona. Wakati huo huo PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, ni tarehe 9, na kuna NSSF ya uzeeni, SHIF ya afya asilimia 2.75, na ya nyumba asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kama hiyo kwa mwajiri. Kampuni ya watu saba inaweza kuingia kwenye chama ikakopa. Ya watu sitini inaenda benki kuweka rehani.

Nimeona kampuni zenye kazi tele, watu wanaingia na kutoka, mabango yanabadilishwa, na kwenye akaunti hakuna hata ya chai. Ukiniuliza dalili ya kampuni inayokua vibaya nitakwambia angalia mshahara unaingia tarehe ngapi. Ulikuwa 28, ukawa 30, ukawa 5.

---

KaraniWaGhorofa, Jumatano saa 2:31 usiku

Wetu ulifika tarehe 11. Mama, ni kama ulikuwa ofisini.

Ndiyo ikazaa habari ya nne, "Tunarekebisha muundo wetu ili kuwahudumia vizuri zaidi." Watu tisa walienda nyumbani. Niliandika aya mbili na neno "tisa" halimo. Mmoja wao alikuwa ameketi mkabala na mimi wakati naandika, akaniomba nimkopeshe chaja.

---

Wakili_Pembeni, Jumatano saa 2:55 usiku

Kwa walio kwenye hali hiyo: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Mwajiri akipunguza watu lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwako au chama chako na kwa afisa wa kazi wa eneo. Fidia isipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi, na likizo zako ambazo hukwenda unalipwa pesa taslimu. Barua ya "kurekebisha muundo" haifuti hata moja. Ukiitwa chumba kidogo ukaambiwa usaini leo leo, uliza kwanza nakala, uende nayo nyumbani.

---

Dar_Kijana, Jumatano saa 3:15 usiku

Mkuu nasubiri muendelezo. Na huyo Mzee wa Seva usimwache njiani.

---

KaraniWaGhorofa, Alhamisi saa 2:40 usiku

Leo nimechoka, tulikuwa na hakathoni, shindano la kuandika programu, vijana thelathini na pitsa arobaini. Habari yake nimeshaiandika tangu jana. Wanaoshinda huwa tunawajua saa tano kabla, ni wale wanaolala.

Niwape mbili haraka haraka.

"Tumesajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data." Nzuri, cheti kiko ukutani. Kilichotupeleka pale ni mkoba. Dada mmoja wa idara ya mafunzo alishuka matatu Kangemi, pikipiki ikapita, mkoba ukaenda nayo. Ndani kuna laptopu, na ndani ya laptopu nakala nzima ya hifadhidata ya shule kumi na moja: majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, simu za wazazi, nani anadaiwa karo. Kwa nini nakala halisi ilikuwa kwenye laptopu ya mafunzo? Kwa sababu data ya kubuni "haipendezi" ukiwa unamwonyesha mteja. Sheria ya 2019 inatoa saa 72 kumwarifu Kamishna. Bosi alitaka tunyamaze. Mhasibu wetu, mama mmoja mpole sana, alisimama mlangoni akasema yeye hatanyamaza. Tuliripoti zikiwa zimebaki saa chache. Shule moja ikatuacha, na kwa haki. Siku hizi watoto wa kwenye maonyesho wanaitwa Ndizi Mbivu na Chungwa Tamu.

"Tumesogeza mifumo yetu karibu na wateja." Tulitoka Ulaya tukaenda kwenye seva za Cape Town. Karibu, eti. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za EASSy na SEACOM zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, na sisi ambao data yetu ilikuwa kusini tukahisi kama tumerudi enzi za Mzee_wa_Modemu. Siku kadhaa kila kitu kilikuwa kinazunguka tu. Ajabu moja ni kwamba ripoti za alfajiri za wahasibu hazikukosa hata siku moja. Niliuliza, nikaambiwa "zile huwa zinakuja tu".

---

Mzee_wa_Modemu, Alhamisi saa 3:05 usiku

Ndizi Mbivu! Mtoto huyo ana adabu kuliko wangu.

---

Fundi_Seva, Alhamisi saa 3:22 usiku

"Huwa zinakuja tu" ni sentensi ya hatari sana kwenye kazi yetu. Nasema tu.

---

KaraniWaGhorofa, Ijumaa saa 1:30 usiku

Haya Dar_Kijana, Mzee wa Seva.

Kuna watu humu wanakumbuka Zuckerberg alipotua Nairobi Septemba 2016, akaenda iHub, kila mtu akapiga picha ya mgongo wake. Miezi michache nyuma yake wakfu wake ulikuwa umetia pesa Andela, kampuni ya kufundisha developa wa Afrika na kuwapa kazi za kampuni za ng'ambo. Wakati ule vijana waliona kazi ya programu ni ya kwenda kufanyia ng'ambo ukiwa hapa hapa. Andela wenyewe 2019 wakapunguza developa wao wachanga kwa mamia, wakataka wazoefu. Mwaka huo huo Microsoft wakatangaza kituo chao hapa, 2022 wakafungua jengo, na Aprili 2022 Google nao wakatangaza chao. Si kwamba wetu wote walikimbilia huko. Bei ya soko zima ndiyo iliyopanda. Developa tuliyekuwa tunamlipa vizuri Januari, kufika Juni alikuwa anatuonea huruma.

Mzee wa Seva hakwenda hata kwa hao. Alipata kampuni ya nje, analipwa dola, anafanya kazi akiwa shambani kwao. Alikuja mezani kwangu kabla ya kwenda kwa bosi, akaniuliza barua ya kuacha kazi inaanzaje. Nilimwandikia. Kwa hivyo hata hiyo niliiandika mimi.

Mwezi wake wa mwisho ulikuwa vikao. Watu walikaa naye na kalamu, "tueleze hiki, tueleze kile". Aliacha waraka wa kurasa arobaini wenye kichwa kimoja tu: "Mambo". Niliusoma wote, nikaelewa robo. Alikuwa mtu wa kuandika kile ulichomuuliza. Usichouliza, anadhani unajua.

Bosi aliniambia niandike habari ya kumuaga. Niliandika nzuri, pikapu imo, sentensi yangu imo. Akaisoma, akakaa kimya, akasema: "Karani, wateja wakiona hii watauliza nani sasa anajua mfumo." Tukaweka picha za kupanda miti Ngong.

Januari iliyofuata, wiki ya kufungua shule, nilifika ofisini saa kumi na moja alfajiri. Nilichaji simu mbili. Nikaweka chai kwenye chupa. Yule binti, sasa mkuu wa idara, akaja akakaa kando yangu, hatukuongea. Saa mbili ikapita. Saa nne. Saa sita nikaipigia simu yangu mwenyewe kuona kama inalia. Ililia.

Siku ile hakuna mteja aliyepiga. Jioni bosi akauliza kama kuna chochote cha kuweka kwenye ukurasa wiki hii. Nikamwambia hakuna.

---

BintiMsimbo, Ijumaa saa 2:04 usiku

Hiyo ya kujipigia simu nimeicheka mpaka jirani kagonga ukuta.

---

Dar_Kijana, Ijumaa saa 2:11 usiku

Mkuu huu uzi uwekwe juu. Nondo tupu.

---

mahindi_mabichi (amejiunga leo), Jumamosi saa 5:12 asubuhi

Salamu kwenu. Nimetumiwa huu uzi na mtu, nimesoma wote asubuhi hii nikikamua.

Karani, marekebisho mawili. Haikuwa sekunde 30, ilikuwa 25. Na sikuwa juu ya pikapu, nilikuwa juu ya trekta, pikapu ilikuwa imebeba jeneza.

La tatu ni swali. Ile kazi ya saa kumi usiku mlishaihamisha? Nilipokuwa naondoka ilikuwa bado kwenye CPU yangu ya zamani, tuliyotoka nayo Ngong Road. Sikuipeleka Cape Town kwa sababu ile orodha ya akina Brayo iko humo humo. Inajaribu mara hamsini kabla ya kukata tamaa, ndiyo maana hata nyaya zikikatika inafika. Hakuna aliyeniuliza iko wapi. Nilipoondoka niliisukuma mwisho wa stoo, nyuma ya viti, waya umepita chini ya zulia.

---

KaraniWaGhorofa, Jumamosi saa 5:15 asubuhi

Mzee!!! Karibu sana ndugu yangu.

Ngoja. CPU gani?

---

mahindi_mabichi, Jumamosi saa 5:17 asubuhi

Nyeusi. Ina stika ya kifaru ubavuni. Kitufe cha kuwasha nilikibandika selotepu asije mtu akaizima.

---

Fundi_Seva, Jumamosi saa 5:18 asubuhi

Karani, leo si Jumamosi?

---

TokaKahawaWest, Jumamosi saa 5:26 asubuhi

Wadau, mimi ndio nimetoka huko. Nimechukua monita mbili na CPU tatu, asante mwenye uzi, bei ilikuwa nzuri. Moja walikuta bado imewaka, wakanichomolea.

Ina kifaru.

Niko Roysambu, kwenye matatu, nimeipakata.